MTANI HASUSI MSIBA

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kila Simba na Yanga wanapokaribia kukutana, sote twatamka neno moja: "watani wa jadi". Watangazaji wa redio hulitamka, magazeti huliandika kwa herufi kubwa, na watoto wetu hulikariri kabla hawajajua jedwali la kuzidisha. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza neno hilo lilitoka wapi, na lilikuwa na masharti gani kabla halijaingia uwanjani. Wengi tumelichukua neno tukayaacha masharti yake njiani, kama mpagazi aliyefika na kamba, mzigo akausahau kambini.

Nimeyawaza masharti hayo kwa siku nyingi, hasa baada ya safari ya Tabora niliyoifanya kwa treni ya reli ya zamani. Nayaandika leo katika ukurasa huu wa familia kwa sababu ushindani mwingine, ule wa kura, umeanza kuendeshwa kwa lugha ya kandanda. Twasikia habari za "timu" ya mgombea, za "kufunga goli", za "kuwapiga tano bila". Lugha imehamia kwenye siasa, lakini ule utani wa kandanda haukuhama nayo. Hilo ndilo linalonitia hofu.

NJIA YA WAPAGAZI

Anayesafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora huwa, kwa sehemu kubwa ya safari, jirani na njia ya kale ya misafara. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, mabega ya watu ndiyo yaliyokuwa reli ya nchi hii.

Njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi kavu ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, kisha ikavuka Malagarasi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni takribani kilomita 1,200. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kiasi cha kilo 30: pembe za ndovu akishuka pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba akirudi bara. Si wote waliopita humo kwa hiari yao. Minyororo ya watumwa ilipita njia hiyo hiyo, na anayeisifu misafara bila kuitaja minyororo huwa amesimulia nusu ya habari. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na walijua thamani ya mabega yao. Posho ikipungua, waliiweka mizigo chini, na hapakuwa na tajiri aliyeweza kuiinua peke yake.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi, amevaa nguo nyekundu ili aonekane kwa mbali. Huyu hakuwa tajiri wa msafara. Alikuwa mpagazi kama wenzake, na mara nyingi wenzake ndio waliomkubali awe mbele. Walimkubali kwa sababu alijua kisima kilipo, alijua mahali pa kupiga kambi, na alijua hongo inayotozwa na kila mtemi njiani. Yafaa tukumbuke sifa hizo, kwa maana nitazirudia nitakapofika kwenye kura.

UTANI ULIKUWA BIMA YA MSAFIRI

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kijana wa Unyanyembe ameshuka pwani na msafara. Amefika Uzaramo, homa imemshika, na kwao ni mwendo wa miezi. Nani atampa uji? Na Mungu akimchukua, nani atamzika? Msafara hauwezi kungoja. Posho inaliwa kila siku inayopita.

Hapo ndipo utani ulipofanya kazi yake. Wanyamwezi na Wazaramo walikuwa watani, na katika njia ile ya misafara utani ulikuwa ndio bima ya msafiri. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, kukudhihaki wewe na ukoo wako, hata kumkamata kuku wako akaenda naye, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na bei yake. Mtani huyo huyo ndiye aliyempa mgeni chakula na mahali pa kulaza ubavu. Mgeni akifa, mtani ndiye aliyeshika maiti, aliyechimba kaburi, na aliyefanya mzaha matangani ili wafiwa wapate kupumua.

Wala usidhani kwamba utani ni upole wa watu ambao hawajapata kugombana. Katika karne ya 19 kundi la Wangoni lilifika Unyamwezi na mikuki, na vita vyao viliacha makovu. Leo Wangoni na Wanyamwezi ni watani. Mmoja akimwona mwenzake kituo cha basi huanza kwa kumwita mtumwa wake, na wote wawili hucheka. Mababu walikwisha kupigana, wakaona gharama yake, wakaamua kwamba yale maneno makali yabaki lakini mikuki iwekwe chini. Hiyo ni busara kubwa kuliko tunavyoipa heshima.

KARIAKOO IMEFIKA MPAKA TABORA

Katika behewa letu walikuwamo wazee wawili, mmoja wa Msimbazi na mwenzake wa Jangwani. Walianza kabla treni haijafika Morogoro. Yule wa Yanga alianza na mabao 5 kwa bila ya Juni mosi, 1968, akiyataja kana kwamba yamefungwa juzi. Yule wa Simba akamjibu kwa mabao 6 kwa bila ya Julai 19, 1977. Mwenzake akaruka miaka arobaini na ushei mpaka Novemba 5, 2023, Yanga walipoifunga Simba 5 kwa 1. "Mzee mwenzangu," akamwambia, "ninyi ni wa kusamehewa tu, maana mlizaliwa kwetu."

Katika hilo la mwisho alikuwa na hoja. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya wanachama wakajitenga wakaunda klabu nyingine, ambayo baada ya kubadili majina, na kuitwa Sunderland kwa miaka mingi, iliitwa Simba mwaka 1971. Watani hawa ni ndugu waliogawana nyumba. Na wale wazee walikuwa wakila chungwa moja, mmoja akimenya, mwingine akipokea, huku matusi yakiendelea. Usiku yule wa Simba aliposhuka, yule wa Yanga ndiye aliyempitishia mzigo wake dirishani.

Huo ndio utani ulio na masharti yake yote. Lakini tumeuona pia ule ulioyapoteza. Oktoba mosi, 2016, siku ya pambano la Simba na Yanga, mashabiki waling'oa viti vya Uwanja wa Taifa, viti vilivyonunuliwa kwa kodi ya hao hao waliokuwa wamevikalia. Ukimtukana mtani ukamwacha salama, umemtania. Ukivunja kiti chake, umemfanyia uadui, na hakuna jina jingine la jambo hilo.

Liko na jambo jingine la kuangalia. Novemba 7, 2024, timu iliyokuwa ikiitwa wakati ule Tabora United ilikwenda Dar es Salaam ikaifunga Yanga mabao 3 kwa 1. Hebu mfikirie shabiki wa Yanga ambaye amezaliwa Tabora, anauza asali Tabora, na anasomesha watoto Tabora. Timu ya mji wake imeishangaza nchi nzima, naye amelala na njaa kwa huzuni! Simlaumu hata kidogo. Ushabiki ndivyo ulivyo, haudai sababu. Timu ikifungwa wewe bado ni wake, ikishuka daraja wewe bado ni wake, na uaminifu huo usiouliza kitu ndio utamu wa kandanda.

Lakini uaminifu wa namna hiyo una mahali pake. Shabiki hamwulizi mshambuliaji maji yatafika lini mtaani, wala hamwulizi golikipa kwa nini zahanati haina dawa. Mpiga kura asipouliza hayo, basi amekwenda kituoni kama shabiki, na atarudi nyumbani na kile anachopata shabiki, yaani furaha au huzuni ya siku moja. Ndiyo maana niliwataja wapagazi. Wao hawakumpima kirangozi kwa rangi ya nguo yake. Walimpima kwa visima.

UAMUZI WA TABORA

Tabora ni mji unaoweza kutufundisha somo hilo, kwa sababu lilitokea pale pale. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Tabora tangu mwaka 1937 hadi 1942, na baadaye akafundisha katika shule ya St. Mary's mjini humo. Januari 1958 alirudi kama Rais wa TANU, kwa mkutano mkuu wa mwaka wa chama hicho.

Mkutano ulikuwa wa moto. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, asipofanya hivyo kura yake inaharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Sharti uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu iliyotajwa, au cheo kilichotajwa. Katika nchi ambayo Waafrika walikuwa karibu watu wote, kila kabila la rangi lilipewa viti sawasawa. Lilikuwa tusi, na wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa na jibu moja moyoni: tususie.

Kama ule ungekuwa mkutano wa mashabiki, jibu hilo lingepita kwa vigelegele. Mwalimu aliwaomba wajumbe watazame mbele ya hasira yao. TANU ikisusia, viti vyote vitakwenda kwa wengine, hasa chama cha UTP kilichoundwa mwaka 1956 ili kuizuia. TANU ikiingia, yaweza kuutumia mlango mbovu kuingia katika nyumba. Walibishana kwa siku kadhaa, na mwishowe wengi wakakubali kushiriki. Wazee wa chama waliuita Uamuzi wa Busara. Katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959, wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU walishinda, wakiwamo Wazungu na Waasia, na UTP ikafifia.

Tusimsahau aliyekataa. Zuberi Mtemvu hakukubaliana na uamuzi ule. Alitoka TANU, akaunda chama chake cha Kongresi, na mwaka 1962 akasimama peke yake dhidi ya Mwalimu katika uchaguzi wa Rais. Alipata chini ya asilimia 2 ya kura. Alishindwa vibaya, lakini alishindwa kwenye sanduku, mbele ya wananchi, na jina lake limeandikwa katika historia ya nchi hii kama mshindani.

Miaka ilipita, na wapiga kura wenyewe wakaonyesha kwamba wanajua tofauti ya mapenzi na hesabu. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindana katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi walikipenda chama, lakini walimwangusha hata Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani. Na mwaka 1991, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchini kuuliza maoni, takribani asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Shabiki angesema: tumeshinda, mpira umekwisha. Tume ilipendekeza vyama vingi, Mwalimu naye akashauri hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wale asilimia 20 walihesabiwa kuwa ni watu.

SIKU YA KURA NA SIKU YA MSIBA

Lakini kuruhusu vyama vingi ni jambo moja, na kuishi na jirani wa chama kingine ni jambo la pili. Kisiwani Pemba, baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, vilikuwako vijiji ambavyo watu wa CCM na watu wa CUF walisusiana. Walisusiana maduka na magari ya abiria. Walisusiana harusi. Na katika nchi yenye adabu ya kuzikana, walisusiana hata mazishi: mtu akifa, jirani wa ukuta kwa ukuta anakaa barazani kwake akitazama jeneza likipita. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano. Ilikuwa Novemba 2009 ndipo Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana wakapeana mikono, na Julai 2010 Wazanzibari, zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura, wakaidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa. Miaka kumi na mitano ya kususiana! Watoto waliozaliwa ilipoanza walikuwa wamekwisha kubalehe.

Na sisi wa Bara tusijione wageni wa jambo hili. Tarehe 29 Oktoba, 2025 nchi yetu ilifanya uchaguzi mkuu, na siku hiyo na siku zilizofuata watu walipoteza maisha. Tume ya uchunguzi iliundwa mwezi uliofuata. Kutoa hukumu ni kazi ya tume na mahakama. Ukurasa wa familia una swali lake dogo zaidi, na kwa maoni yangu si jepesi: mtaani kwenu, nani alikwenda matangani? Je, mama aliyefiwa aliletewa kuni na maji na majirani wote, au aliletewa na wale tu waliokuwa upande wa mwanawe?

Kwa mujibu wa sheria ile ya kale ya wapagazi, jibu liko wazi. Mtani ana haki ya kukucheka ukishindwa. Hana haki ya kukosekana ukifiwa. Akikosekana, si mtani tena, na yale maneno makali aliyokuwa akikutupia zamani yanageuka kuwa matusi matupu, kwa sababu kilichoyafanya yawe mzaha ni ule ujuzi kwamba siku ya shida atakuja.

Twapenda kusema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni usemi wa kweli, lakini mara nyingi husemwa na aliyeshinda. Wapo wawili wengine wanaohitaji kuambiwa neno. Wa kwanza ni mwamuzi: yule mzee wa Simba katika behewa alikubali mabao 5 ya mwaka 1968 kwa sababu aliamini yalifungwa kweli. Kipenga kikitiliwa shaka, hakuna utani unaoweza kusimama. Wa pili ni mshindi mwenyewe. Katika utani, mwenye nyumba ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi, kwa maana mgeni yuko mikononi mwake. Chakula ni chake, mlango ni wake. Kadhalika katika siasa, aliyeshika madaraka ndiye anayeweza kuufanya ushinde wa mwenzake uvumilike, kwa kumwacha aseme, atembee na alale salama. Hili nalisema katika gazeti la chama makusudi, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye anayepaswa kulisikia kwanza.

YA KUFANYA NYUMBANI

Basi wazazi tufanye nini? Kwanza, watoto wetu tuwafundishe utani pamoja na masharti yake. Mtoto wa Simba akimtania mtoto wa Yanga shuleni, acha amtanie; lakini mwenzake akiugua, huyo huyo ndiye wa kwanza kupeleka daftari lake nyumbani. Jambo hili dogo hukaa mwilini mpaka utu uzima.

Pili, tuzitenganishe siku. Jumamosi ya mpira tuwe mashabiki, tupige kelele, tukasirike bila sababu, ni halali yetu. Siku ya kura tuwe wapagazi wenye mizigo mabegani, tuulize nani anajua kisima. Mume na mke wakichagua watu tofauti, chakula cha jioni kiliwe katika sinia moja, na anayetaka kumcheka mwenzake matokeo yakitangazwa amcheke, mradi asubuhi chai ipikwe kama kawaida.

Tatu, tusimwachie mwanasiasa atuchagulie watu wa kuzika. Yeye akimaliza kampeni hupanda gari akaenda zake. Sisi ndio tunaobaki na jirani aliye nyuma ya ukuta, na wazee wake, na maradhi yake, na siku yake ya mwisho. Mwanao akikuuliza kwa nini unabeba jembe kwenda kuchimba kaburi la mtu ambaye juzi mlikuwa mkirushiana maneno kwa ajili ya bendera, usimpe hotuba. Mwambie tu kwamba yule alikuwa mtani wetu, halafu mpe jembe la pili mwende wote.